Fahamu: Kwa nini dole gumba linaweza kugoma baada ya mfupa kupona

Tangu Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, anyakue dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo Septemba 2025, mkoa huo una sababu mpya ya kujivunia mbio. Lakini anayekimbia huanguka, na mtoto anayeanguka hutanguliza kiganja.

Hapo, kwenye kifundo cha mkono, huweza kuumia gegedu la ukuaji, tabaka laini karibu na ncha ya mfupa ambalo ndilo huurefusha. Nyumbani watu husema "ameteguka tu", wakaanza kumkanda. Inaumiza kuona hivyo, kwa sababu huenda mfupa umevunjika.

Mara nyingi mfupa huunga vizuri. Tatizo adimu, lakini zito, ni la kano inayonyanyua dole gumba. Hupita kwenye mfereji mwembamba nyuma ya kifundo cha mkono, ikizunguka kinundu cha mfupa. Uvimbe ukiibana humo, damu haiifikii. Au ncha ya mfupa huisugua. Wiki kadhaa baadaye hukatika, hata kama ufa ulikuwa mdogo.

Plasta ikitolewa, mtoto alaze kiganja mezani, kisha anyanyue dole gumba peke yake. Likishindwa, apelekwe hospitali. Kano iliyolika ni vigumu kuiunga, hivyo daktari bingwa huazima moja ya kano mbili zinazonyoosha kidole cha shahada.

Walimu wa michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na sekondari (UMISSETA), kifundo kilichovimba kipigwe eksirei kwanza. Tafadhali, msiruhusu kikandwe.