Mabwawa ya Tana yalivyougeuza mto

UMEME wa mabwawa matano ya Mto Tana hauna moshi, lakini gharama yake hulipwa na watu na misitu iliyo mbali, kuelekea baharini.

Bwawa la Kindaruma lilifunguliwa mwaka wa 1968. La mwisho, Kiambere, likaanza kazi mwaka wa 1988. Baina yao lilijengwa Masinga, ambalo ndilo ghala: huyahifadhi maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo ili mitambo iliyo chini yake isisimame wakati wa kiangazi.

Wapokomo walizoea kulima mpunga pale mto ulipofurika na kuacha tope lenye rutuba. Sasa sehemu kubwa ya tope hilo, ambalo ni udongo uliomomonyoka kwenye mashamba ya nyanda za juu, hutuama mabwawani. Misitu ya kandokando, makao ya mbega mwekundu wa Tana asiyepatikana kwingineko duniani, nayo huyahitaji mafuriko ya kiasi ili miche iote.

Wala mafuriko hayajakoma. Mwaka wa 2018, na tena 2024, Masinga lilijaa likamwaga, na nyumba za Garissa na Tana River zikazama.