Baruti: kupima kwa kikopo ao kwa mizani?

Siku moja nyuma ya somo la fizika tulibishana juu ya gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti na risasi kwa mdomo wake. Mwenzetu mmoja alisema babu yake, muwindaji, anapima baruti kwa kikopo kidogo tu, mizani hana. Tukamcheka. Kumbe sisi ndio hatukujua kitu.

Katika sehemu 100 za baruti nyeusi, 75 ni shura, 15 makaa, 10 salfa. Tofauti kidogo ya kipimo haiharibu bunduki nzima, basi kikopo kinatosha. Na porini, mvua ikinyesha, nani atasimamisha mizani? Tena iko sababu ingine. Kiisha kupiga, cheche inaweza kubaki ndani ya mtutu. Mtu akimimina baruti moja kwa moja toka pembe, moto unapanda mpaka kwa pembe, na yote inalipuka mkononi mwake. Akitumia kikopo, kinachowaka ni kile kidogo tu.

Lakini kikopo pia kinadanganya. Tulijaribu kwa chumvi (si kwa baruti, mwalimu angetufukuza!): tulijaza kikopo mpaka juu, tukakigonga mara kumi mezani, chumvi ikashuka na nafasi ikatokea. Mizani nayo inadanganya kama baruti imeshika unyevu, maana unapima na maji.

Hatari kubwa iko kwa jina la kipimo. Wamarekani, ambao wangali wanawinda na bunduki za namna hii, wanahesabu kwa greni. Greni ni uzito: 7,000 zinafanya ratili moja, na greni 100 ni karibu gramu 6.5. Lakini alama ya 100 kwenye kikopo chao si uzito. Ni nafasi tu, ile inayojazwa na greni 100 za baruti nyeusi. Ukitia kitu kingine, alama inabaki 100, uzito unabadilika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Pyrodex, baruti iliyotolewa huko Marekani mwaka 1976 kwa kushika nafasi ya ile nyeusi. Ni nyepesi: kikopo cha 100 kina uzito wa karibu greni 70 tu, lakini nguvu yake inakaribia ile ya kikopo cha baruti nyeusi. Sasa fikirini mtu mwenye mizani nzuri kabisa, anayepima greni 100 za Pyrodex kwa uzito. Gawanyeni 100 kwa 0.7: ametia karibu 143 za kikopo, na anafikiri amefanya vizuri kuliko wengine.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile ya risasi za kiwanda, haifai kabisa katika gobori, hata kidogo. Inaweza kupasua mtutu mbele ya uso wa mpigaji. Kikopo cha mzee hakiwezi kujua baruti gani imeingia ndani.

Tumemwomba mwenzetu aandikie babu yake na kumuuliza baruti yake anaitoa wapi. Jibu halijafika.