Fahamu: Mtunya, njaa iliyoacha alama Ugogo

Mvua zikisuasua Dodoma, katika nchi ya Wagogo, inafaa kuikumbuka Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini kuiita balaa la mvua tu ni kuwasamehe waliohusika. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Vihenge vya mtama vikabaki vitupu, na mifugo ya kubadilishana na chakula ikawa haba. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Baadhi ya wazazi waliweka watoto rehani ili wapate chakula.

Njaa kama hiyo iliacha alama hata katika kuhesabu umri: kabla ya vyeti vya kuzaliwa, Wagogo wengi walieleza umri wao kwa kutaja njaa iliyokuwepo walipozaliwa.