Fahamu: Diklofenaki ni dawa gani, na kwa nini ina masharti?

Diklofenaki hutuliza maumivu na kupunguza uvimbe. Iko kundi moja na aspirini na ibuprofeni, na wengi huinunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo, magoti au jino.

Inavyofanya kazi

Mwili ukiumia, vimeng'enya viitwavyo COX hutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Diklofenaki huvizuia. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa kemikali hizo. Mwaka 1982 akawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel.

Tatizo liko wapi?

Prostaglandini hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana dawa hii inaweza kuleta vidonda vya tumbo, hata kuvuja damu bila dalili za mapema. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kuwa wenye ugonjwa mkubwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi wasiitumie. Ni onyo zito kwa dawa inayopatikana kirahisi hivi.

Nani ajihadhari?

Wajawazito, hasa kuanzia wiki ya 20, pamoja na wenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au shinikizo la damu. Isichanganywe na ibuprofeni. Mweleze mfamasia maradhi yako kabla ya kununua.