Kabla ya kujivinjari Mombasa, jua kisa cha Kiwanja cha Maskini

KWA wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU) hapa Kwa Vonza, Kitui, Mombasa ni raha za Disemba: kuogelea, viazi karai na picha za kuanika Instagram.

Lakini mji huo ulijengwa kwa jasho la vibarua. Mwaka wa 1926 bandari ya Kilindini ilipata gati za kina kirefu, na kazi ikavuta watu kutoka pwani na bara, Ukambani ikiwemo. Makuli wengi walilipwa kwa siku. Meli isipotia nanga, unalala njaa, na mwenye nyumba bado anabisha mlango akidai kodi.

Januari 13, 1947, wakasema basi! Wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, wa bandari, reli hadi mahoteli. Mji ulikwama kwa siku 12. Walikutanika kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini, na humo ndimo kilipata nguvu chama cha African Workers' Federation, kikiongozwa na Chege Kibachia.

Mishahara iliongezwa. Kibachia naye alilipia: Agosti mwaka huo alikamatwa, akazuiliwa Kabarnet kwa takriban miaka 10.

Kwa hivyo barobaro, ukifuzu na kupata kazi kule Mombasa, kumbuka: haki ya kudai mshahara mzuri haikushuka kama mana. Kuna waliolala njaa ili uipate.