Losheni ya nyumbani: Faida iko kwenye maji, na hasara iko humohumo

Na Mwandishi Wetu, Maganzo

MSAFIRI anayetoka Shinyanga mjini kwenda Mwanza hupita Maganzo akiwa dirishani, na kama si mtu wa almasi huenda asishuke kabisa. Mji huu mdogo wa wilaya ya Kishapu umekaa mlangoni mwa Mwadui, ambako mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi. Tangu hapo mzunguko wa fedha wa Maganzo umepanda na kushuka pamoja na mawe.

Wiki hii tunayaacha mawe kwa madalali wake. Tunaangalia bidhaa ambayo mchimbaji, mkulima wa pamba na mwanafunzi wote huinunua, siku ya neema na siku ya ukata: mafuta ya kujipaka.

Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza zinaporudi, upepo na vumbi ndio watawala huku. Ngozi hupauka, midomo hukatika, visigino hupasuka. Mchimbaji mdogo anayeosha mchanga akitafuta jiwe anashinda mikono majini, kisha juani, na jioni mikono hiyo ni kama gome la mti. Kwa muuza duka, hiyo ndiyo miezi ya mavuno.

Malighafi nazo haziko mbali. Alizeti hulimwa hukuhuku Kanda ya Ziwa na hukamuliwa kwa mashine ndogo. Nta ya nyuki inatoka mkoa jirani wa Tabora, ambao umejulikana kwa asali na nta tangu enzi za ukoloni. Mtu mwenye jiko, sufuria mbili, mizani ya gramu na mtaji wa laki moja au mbili anaweza kuwa mwenye kiwanda kabla ya Jumapili.

Ni hapo ndipo tahadhari inapohitajika, kwa sababu chini ya jina moja la "losheni ya asili" zimejificha bidhaa mbili ambazo hesabu zake hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni mafuta ya mgando, yaani mafuta na nta bila tone la maji. Ya pili ni losheni yenyewe, ile ya kumiminika, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Tuchukue kilo moja ya kila bidhaa, tuigawe katika vyombo kumi vya gramu 100. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake, atakazozipata siku anaponunua.

Mafuta ya mgando yanataka gramu 800 za mafuta ya alizeti na gramu 200 za nta. Kwa alizeti ya 6,500/- kwa kilo na nta ya 15,000/- kwa kilo, malighafi ni 8,200/-. Ongeza makopo kumi kwa 500/- kila moja, lebo kwa 100/- kila moja na moto wa 800/-. Jumla ni 15,000/-, sawa na 1,500/- kwa kopo.

Losheni inataka maji gramu 700, alizeti gramu 200, nta maalumu ya kuunganishia maji na mafuta gramu 60, gliserini gramu 30 na kihifadhi gramu 10. Alizeti ni 1,300/-. Nta ya kuunganishia, kwa 25,000/- kwa kilo, ni 1,500/-. Gliserini ni 300/-, kihifadhi 600/- na maji safi 700/-. Malighafi zote ni 4,400/-, karibu nusu ya zile za mgando. Ukiongeza chupa, lebo na moto kama awali unapata 11,200/-, yaani 1,120/- kwa chupa.

Tuseme vyote viwili vinauzwa kwa jumla 2,000/-. Mgando unaleta 500/- kwa kopo, losheni inaleta 880/- kwa chupa. Nguvukazi hatukuihesabu, kama wengi wetu tusivyoihesabu, na hilo ni kosa la siku nyingine. Lililo wazi ni kwamba faida ya losheni inatokana na maji. Unauza maji yaliyovalishwa vizuri, na viwanda vikubwa vinafanya hivyohivyo.

Sasa tazama tena ile orodha. Kihifadhi kimechukua 600/- kwa chupa kumi, sawa na 60/- kwa chupa. Ndicho kitu cha kwanza ambacho mtengenezaji mpya hukiondoa. Sababu yake huwa mbili kwa mpigo: ameokoa fedha, na sasa anaweza kuandika kwenye lebo "haina kemikali".

Mwandishi wa makala hii anaisema hiyo kwa uzoefu. Losheni yangu ya kwanza niliipika hivyohivyo, maji, alizeti, nta na mshubiri uliotoka kukatwa, bila kihifadhi. Ilitoka nyeupe, laini, ya kupendeza. Chupa moja nikampa mama mwenye nyumba, aliyeisifia mbele ya majirani. Kabla mwezi haujaisha akabisha hodi, chupa mkononi.

"Mwanangu, losheni yako imeota ndevu."

Kweli, shingo ya chupa ilikuwa na ukungu wa kijani.

"Samahani sana mama. Na wala sikutia kemikali yoyote."

"Basi ndiyo maana," akajibu, akaiweka mezani na kuondoka.

Ukungu una heri yake, kwa kuwa unaonekana. Bakteria huzaliana ndani ya losheni siku nyingi kabla macho hayajaona wala pua haijanusa lolote. Na losheni hununuliwa na nani? Mwenye ngozi iliyopasuka, au mama wa mtoto mchanga. Hao ndio watu ambao vijidudu hupata mlango wa kuingilia kirahisi. Mwenye duka aliyepokea chupa zako kwa kuaminiana ndiye atakayeulizwa kwanza.

Hata kwa hesabu kavu mambo hayaendi. Chupa moja tu kati ya kumi ikirudishwa, unalipa 2,000/-, zaidi ya mara tatu ya zile 600/- ulizookoa kwa zote. Mteja aliyeirudisha hutamuona tena, na Maganzo ni mji wa watu wanaojuana.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Vijidudu vinataka maji ili viishi. Mafuta na nta pasipo maji haviwapi nafasi, ndiyo maana kopo la mgando linakaa miezi. Ukishaingiza maji umewafungulia mlango. Maziwa, tango, parachichi na mshubiri mbichi vinazidisha, kwani pamoja na maji vinaleta chakula.

Hapa sokoni kuna imani kadhaa zinazowaponza watu. Wapo wanaosema vitamini E ni kihifadhi. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta kuchacha, na kwa bakteria haifui dafu. Wapo wanaotegemea asali. Asali haiozi ikiwa nzito, lakini ukiizimua kwa maji nguvu hiyo inapotea. Limau nalo huishia kuwasha ngozi. Na wapo wanaoamini kuwa nta ya nyuki peke yake inaunganisha maji na mafuta. Haifanyi hivyo vya kutosha, na baada ya siku chache utaona maji yamejitenga chini ya chupa. Waganga wa kale wa Kigiriki na Kirumi walilijua tatizo hili. Galeno, tabibu wa karne ya 2, anatajwa kuwa ndiye aliyechanganya nta, mafuta na maji ya waridi kupata mafuta ya kupoza ngozi, na yalikuwa ya kutengenezwa na kutumika upesi.

Kwa anayetaka losheni kwa vyovyote vile, utaratibu uko hivi. Maji na gliserini vipashwe katika sufuria moja, mafuta na nta ya kuunganishia katika nyingine, zote mbili zikiwa ndani ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Nta isiwekwe juu ya moto moja kwa moja, inashika moto. Pande zote mbili zikifika nyuzi 70 hadi 75 za Selsiasi, mimina upande mmoja katika mwingine huku unakoroga, na usiache kukoroga hadi mchanganyiko upoe na kuwa mzito. Kihifadhi kama fenoksiethanoli hutiwa mwishoni, joto likishashuka chini ya nyuzi 40 hivi, na kisizidi asilimia moja. Kila kihifadhi kina maelezo yake, muulize anayekuuzia na uyaandike. Kipimajoto si anasa hapa, wala mizani. Anayepima kwa kijiko hawezi kurudia leo alichokipata jana.

Maji yawe yaliyochemshwa vizuri au yaliyotoneshwa, ya duka la dawa. Maji ya betri ya duka la vipuri yaache hukohuko, kwa sababu chini ya jina hilohilo huuzwa pia asidi. Chupa ziwe mpya. Chupa ya soda iliyookotwa mnadani, hata ukiioshaje, inakuja na wageni wake.

Kuhusu mafuta, alizeti iliyokamuliwa bila kusafishwa ina harufu yake na huchacha haraka zaidi kwa joto na mwanga. Nunua kidogo, yatumie upesi, yatunze gizani. Ya nazi huganda na kuyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mchana wa Maganzo ni maji matupu, na usafiri wa kutoka pwani uko juu yako. Mawese ya Kigoma yatamwachia mteja shati la rangi ya machungwa. Ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda ni mazuri sana, ila hadi yafike hapa hesabu yetu ya juu imevunjika. Ya pamba yasiyosafishwa, ingawa pamba ndiyo zao letu, yana gosipoli, ambayo ni sumu. Usiyaguse.

Nta ya nyuki inayeyuka kati ya nyuzi 62 na 64, na hiyo ndiyo nguvu ya mgando katika biashara ya huku. Kopo lililochanganywa moja kwa nne linahimili safari ya basi hadi Kahama au Geita bila kugeuka uji. Kabla ya kupeleka mzigo, acha kopo moja dirishani penye jua kutwa nzima. Likivuja, ongeza nta.

Mshindani wako mkubwa ni mafuta ya mgando ya petroli, aina aliyoisajilia hakimiliki Robert Chesebrough huko Marekani mwaka 1872. Hayachachi, hayaozi, na bei yake hutaiweza. Usishindane naye kwa bei. Wateja wako ni wale wanaopenda mguso wa nta na mafuta ya mbegu, na wazee wanaokumbuka siagi ya ng'ombe waliyopakwa utotoni, isipokuwa harufu yake.

Tahadhari nyingine ni ya kipato. Fedha ya Maganzo huja jiwe linapoonekana. Kati ya jiwe na jiwe watu hununua kwa kupimiwa au kwa mkopo. Vikopo vya gramu 25 vitatoka kuliko vya 100. Usikubali kumpimia mtu losheni katika chombo alichokuja nacho. Mgando unaweza kuvumilia, losheni haivumilii.

Kuna mambo mawili ambayo si ya hesabu. La kwanza ni mkorogo. Utaombwa utie "kidogo tu cha kung'arisha". Dawa za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na zebaki hupenya ngozi hadi kwenye figo. Mchimbaji wa dhahabu wa Geita anayeishika kazini hahitaji nyingine kwenye kopo la mkewe.

La pili ni jua. Alizeti, nta na nazi hazimkingi mtu na jua kwa kiwango cha kutegemewa. Mkoa huu una ndugu zetu wengi wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi ni tishio la kila siku kwao. Wanaohitaji ni mafuta maalumu ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC. Ukimuuzia mtu huyo losheni yako kwa maneno kwamba inazuia jua, umemtuma shambani bila kinga.

Upande wa sheria, vipodozi vilikuwa chini ya TFDA kwa sheria ya 2003. Tangu mabadiliko ya mwaka 2019 vinasimamiwa na TBS, na wajasiriamali wadogo hushauriwa kupitia ofisi ya SIDO ya mkoa kwa mafunzo na barua ya utambulisho. Lebo itaje vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namba ya pishi. Usiandike kwamba inatibu fangasi au ukurutu. Ukiandika hivyo umeingia kwenye biashara ya dawa, ambayo ina wenyewe.

Kwa mwenye laki moja, ushauri wa ukurasa huu ni kuanza na mgando kwa kiangazi kimoja kizima, kuandika kila pishi kwenye daftari, na kuingia kwenye losheni pale tu unapokuwa na mahali pa uhakika pa kununua kihifadhi. Makopo ishirini ya mwanzo yanakutosha kujua nani analipa.

Mimi nimeanza na kumi. Tisa yameuzwa. La kumi amelichukua mama mwenye nyumba, na amesema tutakatana kwenye kodi.