Misuli ya Kupumua

Mtu hupumua mchana na usiku, hata akiwa amelala usingizi. Lakini mapafu yenyewe hayana nguvu ya kuvuta hewa. Kazi hiyo ni ya misuli. Msuli mkubwa ni kiwambo. Kiwambo kimetandazwa ndani ya mwili, chini ya mapafu na juu ya tumbo. Kikikaza, kinashuka, mapafu yanapanuka, na hewa inaingia. Weka mkono juu ya tumbo, uvute pumzi: utasikia tumbo linainuka. Misuli mingine iko kati ya mbavu, nayo huinua kifua.

Kuna mambo yanayoondoa nguvu za misuli hiyo. Ugonjwa wa polio waweza kuilegeza. Hata sumu ya nyoka fulani, kama swila wa mwituni, yaweza kufanya hivyo. Kwanza kope za macho zinalegea. Kisha kumeza mate kunakuwa kugumu. Halafu pumzi inapungua. Mgonjwa wa namna hii pengine hatupitupi mikono wala halii. Asiyejua atasema, «Ametulia, anapona.» Kumbe misuli imechoka!

Kwa hiyo mganga wa hospitali anampima hivi:

1. Anamsemesha. Mwenye nguvu anasema maneno mengi kwa pumzi moja. Mdhaifu anakatakata maneno.

2. Anamwambia avute pumzi kwa nguvu, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Mtu mzima mwenye afya aweza kufika karibu 50. Asiyepita 15 yumo hatarini. Mganga anaandika hesabu, na baadaye anapima tena. Kama asubuhi ilikuwa 30, na adhuhuri ni 20, nguvu zinapungua.

3. Anamwambia akohoe. Kikohozi kidogo, kisicho na nguvu, ni dalili mbaya.

4. Anatazama tumbo. Likiingia ndani wakati wa kuvuta pumzi, kiwambo kimelegea.

Misuli ikishindwa, watu waweza kuisaidia. Mwaka 1952 polio ilishambulia mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark. Mganga Bjørn Ibsen alionyesha namna ya kuingiza hewa mapafuni kwa mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono. Wanafunzi wa uganga, wapata 1,500, walipokezana kubana mifuko hiyo mchana na usiku. Hivyo wagonjwa wengi waliokoka.

Basi, mtu akiumwa na nyoka, apelekwe hospitali upesi. Wanaomchukua wamsemeshe njiani. Sauti ikififia, au maneno yakikatika, wamwambie mganga mara wanapofika. Hewa ipo tele. Linalopungua ni nguvu ya kuivuta.

Maulizo

1. Kiwambo kiko wapi, na kazi yake ni nini?
2. Kwa nini mganga anapima hesabu mara ya pili?
3. Mgonjwa aliyetulia, je, amepona daima? Eleza.